Kumaliza madeni ya nyumbani kwa kubana matumizi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mimi ni mweka hazina wa kikoba huku Mbagala. Kila Jumamosi, tukishahesabu hisa na kufunga sanduku, kuna mtu hubaki nyuma akijifanya anatafuta kandambili zake. Wenzake wakishatoka, anasogea na kuuliza kwa sauti ya chini. Nianze na deni lipi? Nikikopa kwingine nikayafuta haya madogo, si nitapumua? Nimwambie baba watoto au ninyamaze? Maswali ni yale yale, na wanaouliza ni watu wazima wanaochapa kazi kuanzia alfajiri. Nimeandika mwongozo huu ili uwe nao mkononi hata usiku ambao hakuna wa kumuuliza.

Jambo moja ulishike tangu sasa: kubana matumizi peke yake hakulipi deni. Nimeona nyumba zikila ugali na tembele mwezi mzima na deni liko palepale, kwa sababu ile elfu mbili iliyobanwa asubuhi ililiwa jioni kwa jina lingine. Hela uliyobana lazima iwe na mahali pa kwenda siku hiyo hiyo. Ukisoma haraka haraka, basi hatua ya 6 usiiruke.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja jipya na kalamu. Usitumie la mtoto lililobaki kurasa tatu.
- Simu yako, pamoja na meseji zote za mikopo. Usifute hata moja.
- Mikataba, risiti, na kadi za marejesho ulizopewa.
- Kibubu cha kufuli, na mtu wa kumwachia funguo.
- Mwenza wako, kama mnaishi wawili. Kubana kwa siri hakudumu, maana anayekula mezani ataona mboga imebadilika na atataka kujua kwa nini.
- Jioni moja tulivu, watoto wakiwa wamelala.

Hatua ya 1: Simamisha kukopa

Huwezi kukausha sakafu huku bomba linamwaga. Kuanzia leo hakuna mkopo mpya, hata wa elfu tano wa kumalizia wiki.

Kinachowaponyoka wengi ni mikopo ya simu. Kuna ile ya kukuongezea salio unapotuma au kulipa. Watu hawaihesabu kuwa deni, lakini kila hela ikiingia inakatwa kwanza, na ada yake inaendelea kupanda. Ilipe, kisha acha kuigusa. Kama biashara yako inapokea malipo kwenye laini hiyo hiyo, lijue hilo mapema usije ukashangaa mtaji wa kesho umemezwa.

Halafu kuna programu za mikopo za kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Kabla ya kuiondoa programu kwenye simu, piga picha ukurasa unaoonyesha ulichochukua, ulichorudisha na kilichobaki. Ukiifuta tu, deni halijafutika, na ushahidi umeutupa mwenyewe.

Hatua ya 2: Andika madeni yote, hata yanayokuaibisha

Chora safu tano: nani ananidai, nilichukua kiasi gani, nimesharudisha kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na nikichelewa kinatokea nini.

Safu ya mwisho ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia. Mwenye duka ukichelewa ananuna na kukunyima unga. Mkopeshaji wa marejesho ya kila siku ukichelewa anaongeza faini. Kikoba ukichelewa, wadhamini wako wanakatwa hisa zao. Shemeji ukichelewa, hakupigi faini, lakini Idi hamtasalimiana vizuri.

Andika na yale ya mdomo: elfu kumi ya jirani, nauli uliyoazima, sare ya harusi ambayo fundi bado anakudai. Ukimaliza, jumlisha. Watu wengi hapa hutokwa na jasho. Kaa nalo. Namba iliyoandikwa ina mwisho, na hofu isiyo na namba haina.

Kwa kila mkopo wenye riba, piga hesabu hii moja. Tuseme ulichukua 100,000 na unarudisha 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 135,000. Riba ni 35,000 kwa mwezi mmoja, yaani asilimia 35. Sasa linganisha: Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana, wale wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Asilimia 3.5 ya laki moja ni 3,500. Na hali halisi ni mbaya zaidi ya hiyo 35, kwa sababu ile laki hukai nayo mwezi mzima. Kuanzia kesho yake unairudisha kidogo kidogo, lakini riba umetozwa kana kwamba unayo yote mpaka siku ya mwisho. Hii ndiyo mikopo ambayo mtaani tumeipa jina la kausha damu, na jina limeistahili.

Hatua ya 3: Andika matumizi ya siku saba kabla ya kubana chochote

Wiki hii ishi kama kawaida, ila andika kila shilingi inayotoka. Vitumbua vya asubuhi, vocha, maji ya kwenye chupa, nauli, soda ya mgeni. Mwenza wako naye aandike yake, kila mtu kwenye ukurasa wake, bila kukaguana.

Usianze kubana siku hizi saba. Ukibana, utaandika nyumba isiyo yako, na mpango utakaotokana nayo utavunjika wiki ya pili.

Hatua ya 4: Ongea na wanaokudai kabla hawajakutafuta

Hatua hii haigharimu hela, inagharimu moyo, ndiyo maana huahirishwa. Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka, upande wa anayedai, naomba uniamini kwa hili: mdaiwa anayekuja mwenyewe na namba mkononi anasikilizwa. Anayezima simu anatafutwa.

Kwa ndugu na marafiki, meseji inatosha, mradi iwe na kiasi na tarehe. Mfano:

"Shikamoo shemeji. Najua kimya changu kimekukera, na una haki. Ile laki na nusu sijaisahau. Sasa hivi namalizia mkopo unaonitoza faini kila siku. Nikishaumaliza nitaanza kukupa wewe, mwishoni mwa mwezi wa kumi. Nikikwama nitakwambia kabla ya tarehe."

Kwa mwenye duka, nenda mwenyewe muda ambao hakuna wateja. Mwambie deni la zamani utalilipa kidogo kidogo, na kuanzia leo utanunua taslimu. Atakubali, kwa sababu anachoogopa ni wewe kuhamia duka la mbele.

Kwa mkopeshaji wa riba uliza maswali mawili: nikimaliza leo nalipa kiasi gani, na nikiomba kuongezewa muda kuna faini? Swali la kwanza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mikopo mingi ya kila siku riba yake imeshapigwa tangu mwanzo, hata ukimaliza mapema hupunguziwi senti. Kama ndivyo, usijikamue kuumaliza kabla ya wakati. Lipa rejesho lake kwa tarehe, na ziada yote ipeleke kwenye deni lingine linaloendelea kukua.

Kwa wewe mtumishi unayekatwa kwenye mshahara: utaratibu wa serikali unataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Kama unabaki na chini ya hapo, nenda na hati ya mshahara kwa afisa utumishi wako.

Hatua ya 5: Bana, ukianzia kwenye vitu vikubwa

Chukua zile kurasa za siku saba, zungushia duara vitu vitano vilivyokula hela nyingi. Hangaika na hivyo tu. Kumnyima mtoto pipi ya mia huku michango inakula elfu arobaini kwa mwezi ni kujitesa bure.

*Chakula.* Anayenunua kwa kupimiwa ndiye anayenunua kwa bei ya juu. Mafuta ya mia mbili, sukari ya robo, unga wa nusu kilo: ukijumlisha mwezi mzima utakuta umenunua lita na kilo kwa bei ambayo tajiri hailipi. Mtaji wa kununua kwa wingi huna? Anza na kitu kimoja. Wiki hii mafuta lita moja, wiki ijayo sukari kilo mbili. Au unganeni majirani watatu, mchange, mmoja aende Tandale kwenye nafaka, mgawane kwa mizani.

Mahindi ukinunua debe, kama kilo 17 au 18, ukasaga dona, hulipii kukoboa na hakuna kinachobaki mashineni kama pumba. Watoto wakigoma, changanya na sembe nusu kwa nusu wiki mbili za kwanza. Wakishazoea, ongeza dona.

Maharage yanatisha watu kwa sababu ya mkaa, na ni kweli, ukiyapika ovyo yanamaliza mkaa kuliko bei yake. Fanya hivi. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, chemsha yatokote kwa moto mkali dakika 20. Funika vizuri, halafu tumbukiza sufuria zima ndani ya kapu au ndoo kubwa uliyojaza matambara na blanketi la zamani, lifunike juu pia. Liache saa nne au tano bila kufunua. Yataendelea kuiva yenyewe bila moto. Ukitaka kuyaunga, yachemshe tena kwanza. *Angalizo:* zile dakika za kutokota zisipungue 10 hata kama una haraka, maana maharage yaliyolainika kwa joto dogo bila kutokota huumiza tumbo vibaya.

Matembele yanaota hata kwenye kiroba cha mchanga na samadi kando ya mlango. Chomeka vikonyo ulivyobakiza siku ulipopika, mwagia, baada ya mwezi hivi unachuma. Ni mboga mbili kwa wiki ambazo hununui.

*Usibane haya:* uji wa mtoto mdogo, dagaa au yai au kunde kwa wanaokua, dawa za mgonjwa wa kila siku, na nauli ya kwenda kwenye kazi inayokuingizia. Mtoto akidhoofika, kilichobanwa kitakwenda zahanati chote pamoja na nyongeza.

*Mkaa na umeme.* Mkaa wa kisado kila siku ni ghali kuliko gunia, kwa sababu ile ile ya mafuta ya mia mbili. Jiko banifu la udongo linajilipa haraka. Kwenye umeme, jua tarifu yako. Walio D1, ile ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, wananunua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Zikizidi 75, kila uniti ni 350. Kwa hiyo pasi na birika la umeme ndivyo vinavyokutoa upande wa mia kukupeleka upande wa mia tatu na hamsini. Piga pasi mara moja kwa wiki, nguo zote pamoja. Kama mko wapangaji sita mita moja, habari ya D1 isahau, mtakuwa mmeshavuka. Hapo kaeni mkubaliane nani ana friji na nani ana balbu mbili tu, maana mwenye balbu mbili ndiye anayelipia barafu ya mwenzake.

*Bando.* Bando la kila siku, kwa mwezi, ni hela inayoweza kulipa wiki nzima ya marejesho. Nunua la wiki au la mwezi, lipangie kazi.

*Michango.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo madeni mengi ninayoyaona yamezaliwa. Kadi ya harusi, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kitchen party, sare ya kitenge, mshono wake, zawadi, nauli ya Uber kwa sababu umevaa gauni. Shughuli moja, matumizi saba. Na umo kwenye makundi manne ya WhatsApp, kila moja lina kamati.

Usitoke kwenye makundi kwa hasira. Weka kiasi kimoja cha michango yote ya mwezi, tuseme 10,000, kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao. Usiahidi. Ahadi kwenye kamati ni deni, ikiwa imeandikwa na jina lako limebandikwa, iingize kwenye safu za hatua ya 2. Mjumbe wa kamati akikupigia, mwambie: "Dada, mwaka huu niko kwenye marejesho, nitakuja na mikono yangu." Na uende kweli, umenye vitunguu, uoshe masufuria, utandike mikeka. Kwenye msiba ndiyo kabisa, hakuna anayehesabu bahasha yako kama ulilala pale siku tatu. Sare ukiikataa, vaa nguo yako nzuri ukae viti vya nyuma. Nimefanya hivyo harusi mbili, na maharusi wote wawili bado ni watu wangu.

*Kubeti.* Hii sitaizungusha. Kama mkeka, yaani tiketi ya kubeti, umo kwenye kurasa za siku saba, iwe zako au za mwenza, uondoke wote, si nusu. Hakuna mpango wa kulipa madeni unaosimama juu ya mkeka.

Hatua ya 6: Itoe hela nyumbani siku hiyo hiyo

Kila jioni kabla ya kupika, toa kiasi mlichokubaliana na kitumbukize kwenye kibubu. Ni kabla ya kupika, maana baada ya kupika hakuna kinachobaki. Funguo akae nazo dada, mama mkwe, au jirani mwenye msimamo. Siku isiyo ya soko tumbukiza hata mia tano, mkono usisahau njia.

Kwa nini usitume kila siku kwa simu? Kwa sababu ya makato. Ukituma elfu tatu mara saba unalipia mara saba. Kusanya wiki nzima, siku moja maalumu fungueni, hesabuni wawili, peleka yote kwenye deni kabla jua halijazama. Siku yetu sisi ni Jumamosi, kwa kuwa kikoba kinakaa siku hiyo.

Kila unapolipa, dai risiti au meseji. Aliyekukopesha kwa mdomo, andika kwenye daftari na mwombe asaini. Hata shemeji. Hataona vibaya, na kama ataona vibaya, bora mwezi huu kuliko siku mtakapobishana.

Hatua ya 7: Ukilimaliza moja, rejesho lake lihamie kwa linalofuata

Mpangilio ninaoshauri: kwanza yanayoongezeka kwa faini au riba kila siku, pili yale yanayogusa paa na chakula, yaani kodi na duka, tatu kikoba, mwisho ndugu mliokwisha kuelewana tarehe. Wengi hulipa kwanza anayepiga kelele zaidi. Mpiga kelele siye anayekula hela yako nyingi; angalia ile safu ya tano.

Tuchukue nyumba ya mfano. Mkopo wa kila siku umebaki 90,000, rejesho 4,500, siku 20. Mkopo wa simu 45,000. Duka 68,000. Kikoba 250,000 pamoja na riba yake. Shemeji 150,000. Jumla 603,000. Wamekaa, wamebana, wamepata 3,000 kwa siku nje ya lile rejesho la 4,500 wanalolipa tayari.

Siku 20 za kwanza: rejesho linaendelea, mkopo wa kila siku unakwisha. Kibubu kimepata 60,000. 45,000 zinafuta mkopo wa simu, 15,000 zinabaki kuwa akiba ya dharura. Sasa angalia kinachotokea. Ile 4,500 imekuwa huru, na mazoea ya kuitoa wanayo. Hawairudishi kwenye sahani. Wanaiunganisha na 3,000, inakuwa 7,500 kwa siku. Siku 10, duka limekwisha na zimebaki 7,000. Siku 33, kikoba kimekwisha. Siku 20, shemeji amemaliziwa. Jumla siku 83 za kazi, yaani miezi mitatu na siku chache kwa anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi. Weka na siku za mvua, za kuumwa, za pikipiki kuharibika, iwe miezi mitano. Walianza wakidaiwa laki sita, wamemaliza, na hawajaongeza kipato hata shilingi.

Ile akiba ya 15,000 usiidharau. Homa ya mtoto saa nne usiku ndiyo inayorudisha watu kwenye programu za simu, na mara nyingi kinachohitajika ni nauli na kipimo cha malaria tu.

Ukimaliza mkopo wenye mkataba, usiondoke mikono mitupu. Dai barua ya kumaliza mkopo, na dhamana yako uliyoweka: kadi ya pikipiki, hati, chochote.

Makosa yanayorudisha watu nyuma

*Kukopa ili kulipa.* Kuna hali moja tu ninayoikubali: mkopo mpya una riba ndogo waziwazi, jumla utakayorudisha ni ndogo kuliko iliyobaki kwenye wa zamani, na wa zamani unafungwa wote siku ile ile. Mkopo wa kikoba wa kufunga mkopo wa faini za kila siku unaweza kutimiza haya. Ukibaki na yote miwili, umejiongezea.

*Kukabidhi kadi ya benki na namba ya siri.* Usifanye. Mwenye kadi yako ndiye mwenye mshahara wako.

*Kuuza kinachokulisha.* Uza televisheni, uza kabati la vyombo. Cherehani, pikipiki, friji ya juisi usiuze.

*Kumficha mwenza.* Nilimficha wangu miezi saba. Deni lilikuwa dogo kuliko maumivu aliyoyapata alipolisikia kwa mtu mwingine.

*Kubadilisha namba ya simu.* Watampigia mdhamini wako, na mdhamini ni mtu uliyemwomba kwa unyenyekevu.

Mambo yakikwama

*Wanapigia simu ndugu zangu na kunitangaza.* Hifadhi meseji na tarehe za simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume inayoisimamia. Namba za watu waliomo kwenye simu yako hazikuwekwa rehani. Lalamika kwa Tume, na kwa dawati la malalamiko la Benki Kuu.

*Wamekuja mlangoni kubeba vitu.* Usigombane, usisaini chochote. Omba vitambulisho, mkataba na leseni yao, na mtume mtoto akamwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Wakitumia nguvu, nenda polisi siku hiyo hiyo. Deni utaendelea kulilipa. Uporaji ni jambo lingine.

*Mume au mke hataki kubana.* Usimhubirie. Mwonyeshe ukurasa wa madeni na ile hesabu ya 35,000, kisha muulize yeye aanze kupunguza nini. Anayechagua mwenyewe hubana. Akikataa kabisa, anza na matumizi yaliyo mikononi mwako, hata kama ni elfu moja kwa siku.

*Kipato kimekatika kabisa.* Simamisha malipo ya ndugu na duka kwa kuwaambia, siyo kwa kunyamaza. Waombe wenye riba muda kwa maandishi. Kibubu kisimame, kinachopatikana kiwe chakula kwanza. Daftari liendelee kuandikwa.

*Nimeteleza, nimekopa tena.* Liandike leo leo kwenye safu zake, ulipange foleni kwa uzito wake, na kesho jioni tumbukiza kama kawaida. Wanaoshindwa ni wale wanaolificha hata kwenye daftari lao wenyewe.

*Nimemaliza yote, nifanyeje na ile 7,500?* Endelea kuitoa kila jioni, safari hii kwa ajili ya kodi. Wenye nyumba wengi hapa Dar wanataka miezi sita kwa mpigo, na huo mwezi wa kulipa ndio unaorudisha watu kwenye mikopo waliyoitoka. Kama kodi yako ni 80,000 kwa mwezi, miezi sita ni 480,000. Kwa 7,500 kwa siku ya kazi, ni siku 64. Andika tarehe ya kodi kwenye ukurasa mpya, uhesabu kurudi nyuma, na funguo za kibubu zibaki kule kule.